Dam Akija, Mpitisheni

Mjukuu wangu Sagal anasomea utabibu wa mifugo, na ana tabia ya kusoma kwa sauti. Ukimwambia asome kimya anakujibu, "Ayeeyo, nisiposikia sauti yangu hayaingii." Basi wiki jana alikuwa ameketi sebuleni kwangu hapa Garissa, miguu juu ya kochi ambalo nimeshakataza watu kuweka miguu, anakariri maneno yake ya mtihani kwa Kiingereza. Dume la kuzalishia linaitwa hivi, ndama aliyeachishwa kunyonya anaitwa hivi. Mimi nachambua mchele, nusu namsikia, nusu simsikii. Kisha akasema neno moja dogo: dam. Akalirudia. Dam, dam, mama wa mnyama, usichanganye na bwawa.

Nikaweka sinia chini nikatoka nje.

"Ayeeyo, kuna nini?"

"Joto tu."

"Lakini huko nje ndiko kwenye joto!"

Mtoto mwerevu anachosha, wallahi. Nikakaa kwenye ngazi ya mlango, juani, nikajifanya natazama mbuzi wa jirani wakila katoni.

Mimi si mtu wa kulialia. Nimefundisha darasa la nne karibu maisha yangu yote, na aliyefundisha darasa la nne hana chozi la akiba. Lakini neno hilo likitajwa ghafla, bila mimi kujiandaa, narudi kuwa mtoto asiye na meno ya mbele, nimesimama kwenye lango la miba na waya, na harufu ya maziwa ya ngamia inanijaa puani hata kama jikoni kwangu wanakaanga samaki. Ni harufu ya moshi na chumvichumvi, kwa sababu chombo cha maziwa kwetu husafishwa kwa kijinga cha moto. Wenzangu wa rika langu mliokulia upande huu mnaijua. Na wakati ninaouzungumzia mnaujua pia. Sisi hatuutaji kwa mwaka. Tunasema daaba, kuzuiwa, kila mtu anaelewa, kisha tunabadilisha mazungumzo.

Kabla ya hapo tulikuwa watu wa ngamia. Baba alifariki kwa homa kabla sijaweza kuiweka sura yake kichwani, kwa hiyo nyumba yetu ilikuwa ya wanawake watatu: ayeeyo, yaani bibi yangu mzaa mama, hooyo, yaani mama, na mimi, ambaye nilijihesabu mwanamke kwa sababu nilikuwa na mbuzi wangu mwenyewe. Ngamia wetu walikuwa wachache. Watu walinong'ona kuwa mwanamke hapeleki ngamia majini peke yake. Hooyo alisema mwenye maneno hayo na aje awapeleke yeye, na hakuna aliyekuja.

Maji ya kiangazi tuliyapata kwenye bwawa ambalo serikali ya Wazungu ilikuwa imelichimba kwa tingatinga, mbali na kambi yetu. Kila mtu aliliita dam. Hatukujua kama ni Kiingereza. Mimi nilidhani ni Kisomali, na ayeeyo alidhani ni Kiarabu, kwa hiyo alilitamka kwa heshima. Kwangu mimi dam ilikuwa mahali pamoja tu duniani. Palimchukua hooyo, pakamweka siku kadhaa, kisha pakamrudisha akiwa ananuka tope na ngamia, na mimi nikimkimbilia na kuupachika uso wangu kwenye nguo yake. Nililichukia neno lenyewe.

Kiangazi hicho ngamia wetu mmoja alizaa. Jina lake Hareed, kwa Kisomali ni maji ya mvua. Mtoto wake alizaliwa dhaifu, miguu ya mbele inajikunja kila akijaribu kusimama. Ayeeyo alisema hafiki popote huyu. Na Hareed naye alihitaji maji, maana ngamia anayenyonyesha asiponywa, maziwa yanakauka, na yakikauka yule mdogo hana lake. Hooyo alizunguka zizi asubuhi nzima akifikiri. Mwishowe akasema atawapeleka wakubwa wote majini na kurudi haraka iwezekanavyo, na sisi tumnyweshe mdogo maziwa ya mbuzi mpaka hapo.

Aliniinamia akanishika kidevu. "Naenda dam. Wewe ndiye unamlinda huyu nirig." Nirig ni mtoto wa ngamia. Nikasema sawa, nikiwa nimevimba kwa cheo kipya, hata nikasahau kulia.

Hakuwa amerudi malori yalipokuja.

Yalikuja asubuhi, na askari, na mtu mmoja aliyesimama juu ya lori akipiga kelele kwa Kiswahili. Wengi hawakumwelewa. Jirani yetu Adeer Bishar, aliyewahi kufanya kazi kwenye duka la Mwarabu mjini, akatueleza huku midomo imemkauka: kila mtu aende kijiji kilichozungushiwa uzio karibu na Garissa, na atakayebaki porini atahesabiwa kuwa shifta, yaani mwasi mwenye silaha. Ayeeyo akaketi chini, akamkumbatia nirig shingoni, akawaambia kwa Kiswahili chake kile kile alichokwenda nacho kaburini, "Bolisi, mimi na hii ni moja. Biga risasi." Vita aliviita fita na polisi akawaita bolisi, na hakuna aliyethubutu kumcheka. Askari mmoja akamtazama, akapumua, akamwinua nirig mwenyewe na kumweka kwenye lori.

Mimi nilikuwa na swali moja tu: nani atamwambia hooyo? Nilizunguka namwuliza kila mtu. Wakubwa walinipita. Atarudi atakuta majivu ya jiko yamepoa na vijiti vya nyumba vimelala chini, na atajuaje tumeelekea wapi? Nilivua kiatu changu kimoja nikakiweka mahali tulipokuwa tukilala, ncha yake imeelekea barabara. Nikapanda lori na kiatu kimoja. Mpaka leo mimi ni mtu wa kuwaambia watu mapema ninakokwenda, hata kama ni sokoni tu, na watoto wangu hunitania kwa hilo.

Kijiji kile sitakieleza sana. Miba mara mbili, waya juu yake, lango moja. Asubuhi tulipangwa mistari na kuhesabiwa. Wanaume wachache walitolewa mchana kuchunga wanyama chini ya bunduki, wakarudishwa jua likianza kulegea, na kila wiki wanyama waliorudi nao walikuwa wachache kuliko waliotoka nao, kwa sababu majani ya karibu yaliliwa yakaisha na mifugo ikaanza kuanguka. Harufu ilikuwa mbaya. Watu waliokuwa na ngamia mamia waliomba chai kwa majirani.

Lakini ukiniuliza mimi, mtoto, kilichoniuma si harufu. Ni kuitwa. Kila jioni akina mama waliita watoto wao, huyu anaita hapa, yule kule, na kila mtoto aliijua sauti yake, akaacha mchezo, akaenda. Tukabaki vumbi na mimi. Ayeeyo hakuwa mtu wa kuita. Tangu tushuke lori alikuwa amepunguza maneno, akitafuna kijiti chake cha mswaki na kutazama waya. Nilikuwa nabaki pale pale tulipokuwa tunacheza, nikijifanya mchezo haujaisha, nakusanya vijiwe vyangu polepole sana. Nilikuwa mpweke mpaka nikaona haya, kana kwamba upweke ni ugonjwa wa ngozi na watu wanauona.

Aliyeniita alikuwa nirig. Alikuwa na sauti nyembamba inayopanda mwishoni, mithili ya mtu anayeuliza. Alilia kutwa. Tulimnywesha maziwa ya mbuzi yaliyoongezwa maji, kwa kitambaa, naye alinyonya kitambaa, akaona kuwa si chenyewe, akalia tena. Wanawake walisema, "Mnyamazisheni huyo, anatutia huzuni." Nilikuwa nikilala kando yake mchana, mgongo wangu kwenye mbavu zake. Nilimwambia hooyo yangu na hooyo yake wako pamoja, wako dam, wanakunywa maji, watakuja. Yeye alilia, mimi nikaeleza upya.

Siku moja akaja Mzungu wa mifugo, daktari wa ngamia na ng'ombe, akikagua wanyama wa kijijini. Alifuatana na tarjumani wake, Msomali wa mjini, amevaa kaptula na soksi zilizofika magotini, mtu wa mzaha mwingi. Mzungu alikuwa mrefu na mwekundu, kimya. Akapita zizi hadi zizi mpaka akafika kwetu. Akachuchumaa, akamfunua nirig mdomo, akambonyeza tumbo, akauliza kitu kwa Kiingereza. Katika yale yote mimi nilisikia neno moja tu. Dam.

Niliruka juu. Sikuamini masikio yangu. Tangu tufike pale hakuna mtu mkubwa aliyekuwa ameniuliza kuhusu dam, na sasa huyu mtu mwenye malori na tarjumani anauliza!

"Iko kule!" nikapiga kelele kwa Kisomali, nikionyesha kwa mkono wote. "Dam iko kule! Hooyo yuko huko, mwambie, mwambie hooyo yuko dam na hajui kama sisi tuko hapa!"

Tarjumani akacheka hadi akajishika magoti. "Abaayo," akaniambia, kama tunavyomwita dada, "huyu haulizi bwawa. Huyu anauliza mama wa huyu mdogo yuko wapi. Dam ni mama."

"Dam ni bwawa."

"Bwawa pia. Lakini kwa watu wa mifugo dam ni mama. Mama wa mnyama."

"Na mama wa mtu?"

"Huyo ana neno lake. Mother."

"Kwa nini mawili?"

"Wazungu wana maneno ya kumwaga, abaayo. Hawana ngamia, wana maneno."

Nikafikiri. Nilikuwa mtoto wa kufikiri huku nimefungua mdomo, ayeeyo alinigonga kidevu kwa kidole kwa ajili hiyo. Kisha nikauliza, "Na sisi humu ndani, tunaohesabiwa asubuhi pamoja na mbuzi, mama zetu ni mother au dam?"

Tarjumani aliacha kucheka. Mzungu akamwuliza nimesema nini, naye akajibu kwa ufupi mno, sidhani alimwambia. Akaniambia, "Nenda kwa bibi yako."

Sikwenda. Nikawafuata nyuma, kwa sababu Mzungu alikuwa ameanza kusema kwa ukali, akionyesha nirig, kisha nje ya uzio. Ayeeyo, aliyedokezwa na tarjumani, alinieleza baadaye alichokuwa akisema: kwamba huyu mdogo bila mama yake atakufa, na kwamba mama akipatikana huko porini aletwe, aruhusiwe kuingia. Walifika langoni. Palikuwa na sajenti mnene amekaa kwenye sanduku. Tarjumani akamwambia kwa Kiswahili, akichanganya kidogo kama watu wa ofisi wanavyofanya, "Amri ya daktari. Huyu ngamia mdogo, dam yake akija, mpitisheni."

Kiswahili changu wakati huo kilikuwa cha amri tupu, nilichookota hapo hapo langoni na kwenye mistari ya kuhesabiwa: simama, keti, toka, rudi, pita. Kwa hiyo neno pita nililijua barabara. Na dam nilikuwa nimefundishwa dakika ile ile. Dam akija, mpitisheni. Mama akija, apite. Nikarudi kwa ayeeyo mbio, kiatu kimoja kinapiga mchanga, namweleza kuwa hooyo ameruhusiwa, Mzungu amesema, sajenti amesikia.

Ayeeyo akaendelea kutafuna mswaki wake. Alikuwa ameelewa vizuri zaidi yangu ni nani aliyeruhusiwa. Akasema tu, "Inshallah," akageuza uso.

Nilipokuwa msichana wa chuo cha ualimu, huko bara, mahali pa ukungu na viazi, nilikwenda maktaba nikalitafuta neno lile. Nililiendea kama mtu anayemwendea aliyewahi kumwibia. Kamusi kubwa ile ilinieleza kwamba bwawa na mama si ndugu kabisa. Dam ya maji ina ukoo wake na dam ya mama ina wake, zimefanana sura tu njiani. Na dam ya mama, hapo zamani, ilikuwa neno moja na dame. Lilikuwa jina la heshima. Lilitoka Ufaransa, na kabla ya hapo kwa Warumi, na maana yake ilikuwa bibi mwenye nyumba, mwanamke anayeshika funguo, anayesema huyu aingie na huyu atoke. Kisha wenyewe Waingereza wakaligawa. Matamshi ya kifahari wakawaachia wanawake wakubwa wa mjini, na yale mafupi wakayapeleka zizini. Kuna wakati hata mwanamke wa watu aliitwa dam, lakini kwa kumtukana.

Nilikasirika mpaka nikasema kwa sauti, "Kumbe alikuwa mwenye nyumba!" Mkutubi akaniambia ninyamaze. Nikanyamaza, lakini sikusamehe. Lugha yetu haina upuuzi huo. Hooyo ni hooyo, awe na miguu miwili au minne, na Kiswahili nacho hakimbagui, mama ni mama. Mtu anayezaa na kunyonyesha unampunguzia jina la nini? Niliwahi kuwauliza wanafunzi wangu wa darasa la nne swali hilo, nao wakaniuliza kama litatoka kwenye mtihani.

Turudi langoni. Adeer Bishar alikuwa miongoni mwa wanaume waliotolewa kuchunga, na huko nje kulikuwa bado na watu wachache waliojificha na wanyama wao. Ujumbe ulipita kwa mdomo, kutoka mchungaji hadi mchungaji, kwa sauti ya chini askari wakiwa wamepumzika kivulini: ngamia wa nyumba fulani anaruhusiwa, mtoto wake yuko hai, aletwe langoni mchana. Ujumbe ulisema ngamia. Mimi hakuna aliyeniambia kuwa ulisema ngamia.

Kila siku baada ya kuhesabiwa nilikwenda kukaa karibu na lango. Kulikuwa na askari kijana, mwembamba, masikio makubwa, ambaye alinizoea. "Leo umechelewa kazini," alikuwa akinitania. Au, "Mkubwa wa lango, niruhusu nikanywe maji." Sikuelewa yote lakini nilielewa kuwa hanifukuzi. Nilikaa. Jua lilinichoma, nikahama na kivuli cha nguzo. Watoto wengine walikuja, wakachoka, wakaondoka. Sikuwa na wasiwasi hata chembe. Amri ilikuwa imetolewa, neno nilikuwa nalo. Kilichobaki ni yeye kufika.

Alifika mchana mmoja, jua kali, watu wengi wamelala vibandani. Kwanza nilimwona Hareed, shingo yake ikipanda na kushuka juu ya vichaka. Kisha nikaona mtu mbele yake ameshika kamba. Amekonda. Nguo imekuwa rangi ya udongo. Lakini mwendo wake ule, bega moja likitangulia, hauwezi kuwa wa mtu mwingine. Nyuma yangu ndani ya kijiji nirig alikuwa ameshanusa harufu, akapiga ukelele ambao sikuwahi kumsikia akiupiga, na Hareed akajibu, akaanza kuvuta kamba.

Askari kijana akainuka. Akatazama nyuma, kwenye hema la sajenti. Sajenti alikuwa anakula. Kijana akasogeza tawi la miba lililokuwa mlango, Hareed akaingia kwa kishindo, kamba ikamponyoka hooyo mkononi. Hooyo akapiga hatua kumfuata. Kijana akaikingamisha bunduki mbele yake.

"Ngamia tu," akasema.

Hooyo hakujua Kiswahili. Alisimama kifua chake kimegusa bunduki, akanitazama mimi kwa juu yake. "Hooyo!" akaniita. Kwetu mama humwita mtoto kwa jina lile lile analoitwa yeye, ndilo pendo letu. "Hooyo!" nikaitikia. "Hooyo!" akaita tena.

Kijana akatutazama huku na huku. "Sasa hapa mama ni nani?"

Nikakumbuka amri. Niliona kosa ni letu, tumetumia neno ambalo halipiti. Nikamshika yule askari shati, nikamwonyesha hooyo, nikapiga kelele kwa Kiswahili changu chote, "Dam! Huyu dam! Huyu dam yangu! Pita! Dam yangu, pita!"

Nilimwita mama yangu mnyama. Nilimwita hivyo kwa furaha, kwa uhakika, nikingoja bunduki ishuke. Kama wangesema mbuzi ndiye anayepita, ningemwita mbuzi.

Na bunduki ilishuka, kweli. Kijana yule hakujua Kiingereza cha mifugo. Yeye alisikia Kiswahili. Uso wake ulibadilika.

"Najua," akasema polepole. "Najua ni damu yako. Hata bila kusema, mmefanana." Akachungulia tena hema la sajenti. "Lakini huyu amekuwa nje tangu amri itolewe. Akiingia hapa watamkamata, watasema ni wa shifta. Mwambie aende. Sasa hivi, kabla afande hajatoka. Mwambie!"

Kamata nililijua. Enda nililijua. Nilibaki nimeshika shati lake, nikitikisa kichwa, nasema dam, dam, bila sauti sasa. Yeye akaniinamia na kuninong'oneza, na macho yake yalikuwa na maji. "Mwambie, mdogo wangu. Tafadhali."

Hooyo akauliza, "Anasema nini?"

Hapakuwa na tarjumani mwingine. Nikamwambia, "Anasema uende. Watakukamata."

Hakulia. Alinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, akaona kiatu kimoja. Kisha akatazama ndani, nirig alipokuwa amemfikia mama yake, ameingiza kichwa chini ya tumbo, mkia unamtetemeka. Matiti ya Hareed yalikuwa yamefungwa kwa kamba ya gome, kama tunavyofanya mtoto asiyamalize njiani, na nirig alikuwa akihangaika na mafundo. Hooyo akanyoosha mkono juu ya miba kunionyesha, akasema kwa sauti ile ile ya nyumbani, ya kazi, "Fungueni mawili ya huyo mdogo. Mawili yenu. Msimkamue yote manne."

Akageuka akaenda, bega moja mbele. Hakukimbia mpaka alipofika vichakani.

Hatukumwona tena. Uzio ulipofunguliwa ayeeyo alimtafuta kila kambi hadi miguu yake ikavimba, akauliza wa Ijara, akauliza hata watu waliotoka Wajir. Wengine walisema walimwona kisimani, wengine walisema ni mwanamke mwingine. Hakuna aliyetuonyesha hata kaburi. Kwa hiyo maneno yale ya matiti ndiyo ya mwisho niliyoyasikia kwake, na nimeyageuza miaka yote nikitafuta ndani yake neno moja langu mimi. Nilitaka aseme jina langu. Nilitaka aseme atarudi.

Kijana yule alirudisha tawi la miba mahali pake, akachomwa kidole, akakinyonya. Kisha akaniuliza, "Amekwambia nini mama?"

Nikamwambia kwa Kisomali, "Amesema tusimalize maziwa."